Jembe la Mihayo na Marudiano na Jineri

Kama kuna kitu kilichotuchosha mgodini kwetu, upande wa Geita, miaka ile ya hamsini, ni timu ya jineri. Kila mwaka ni wao na sisi, sisi na wao, na kila mwaka wachambua pamba wale huondoka na kombe, sisi wachimba dhahabu tukarudi na visingizio. Mwaka ule fainali ilitoka sare, mbili kwa mbili, tukapangiwa marudiano Jumapili iliyofuata. Goli lao la pili ndilo lililomponza Mihayo.

Mihayo, Baba Justa, alisukuma matoroli ya mawe shimoni, lakini hiyo ilikuwa kazi ya kumlisha tu. Yeye alikuwa manju. Aliimba, alipiga ngoma, na alikuwa na jembe la kuchezea, mpini umepakwa rangi nyekundu na nyeupe. Alilirusha juu likazunguka hewani, akalidaka bila kulitazama. Halikuwahi kugusa udongo. Kwetu Usukumani ngoma mbili hushindana uwanja mmoja, wakati mmoja, na inayovuta watu wengi ndiyo imeshinda. Mihayo aliupeleka ushindani huo kwenye mpira vilevile ulivyo.

Siku ya fainali, tukiwa tunaongoza na mpira unakaribia kwisha, alicheza nyuma ya goli letu mpaka mashabiki wa jineri wakahama wote kuja kumtazama. Akalirusha jembe. Januari, kipa wetu, akageuka, akainua uso kulifuata, na shuti likampita miguuni.

Jioni tukakusanyika kilabuni kwa Mama Nyamizi, kila mtu na hasira zake. Wengine walimlaumu beki, wengine refa. Marselino, seremala wa mgodi, akalisema lile ambalo sote tulikuwa tunalizunguka.

"Baba Justa, Jumapili usije na jembe. Wala ngoma. Wala usiimbe."

"Upande wao walibaki mbuzi," Mihayo akajibu. "Watu wote walikuwa kwangu. Sasa hapo nani kashinda?"

"Refa hahesabu watu."

"Basi hajui kazi."

Tulicheka, yeye hakucheka. Akamgeukia Januari. "Mwanangu, nawe unasemaje?"

Januari alikuwa ameinamia kata yake ya pombe. "Unisamehe, baba. Jembe likipanda, macho yangu nayo yanapanda. Nayazuia, hayazuiliki."

"Yaya," akasema Mihayo, ile hapana nzito ya Kisukuma. Lakini hakuna aliyemuunga mkono, hata mimi jirani yake. Mwishowe akasema, "Haya. Nitakaa."

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Hawakuwaona watu wa mgodi wetu.

Jumapili alikaa kwenye nyasi karibu nami, mikono ameibana kati ya magoti. Manju wa jineri aliimba vibaya, sauti inakwaruza kama mlango uliokosa mafuta, lakini aliimba peke yake, na watu humfuata anayeimba. Watu wetu wakaanza kuvuka, mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Hata Klara, mke wa Mihayo, nilimwona ng'ambo akipiga makofi. Mihayo aliwatazama wakienda, mishipa ya shingo imemsimama. Iliniuma. Nilitamani ainuke, na papo hapo nilitamani asithubutu.

Januari alidaka kila kitu. Tukashinda moja bila.

Marselino akaja mbio, akamshika Mihayo mabega yote mawili. "Umetusaidia sana leo, Baba Justa. Na mwakani ukae vivyo hivyo."

"Nimesikia," akasema Mihayo.

Tukalibeba kombe kwenda nalo nyumbani, na hatukujua kulisindikiza. Kila mmoja alianzisha wimbo wake, ukafia njiani. Mtu akapaza sauti kumwita Mihayo atuongoze, lakini alikwisha kushika njia ya mkato peke yake. Kombe lenyewe nililokuwa nikililia miaka yote hiyo lilinichosha mikono.

Wiki ile mvua za kwanza zikanyesha. Nilipita kwake kumjulia hali, na Klara akanielekeza shambani. Nilimkuta akitifua udongo wa kupandia karanga kwa jembe lile lile, nyekundu na nyeupe zimezama kwenye tope. Nikamuuliza kama hana jingine.

"Hili nalo ni jembe," akasema, akaendelea kulima.