Tambi Baridi za Makadara

Kuna kijana mmoja wa miaka ya tisini ningemzaba kofi, na bahati mbaya kijana huyo ni mimi. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na hakuna nisichokijua. Mpishi wa hoteli yetu ya Makadara alipotangaza atapika tambi za Nagano, kule Japani, nilimpeleka mjomba, karani mstaafu wa reli aliyenisomesha, nimwonyeshe dunia.

Mpishi alikuwa amepikia familia ya Kijapani miaka mingi. Walipohama walimwachia pakiti mbili, na hizo ndizo alizotupikia. Tambi zilikuja za kijivu, baridi kama maji ya mfereji, pamoja na vikombe viwili vya mchuzi mweusi. Mitaani kwetu supu ya mifupa hutangulia chakula, basi tukaunywa wote. Chumvi tupu!

"Hiki ni chakula au adhabu?" mjomba akaniuliza.

Niliwaka. Mzee wangu anadhalilishwa mbele yangu!

"Ule mchuzi ni wa kuchovya, ndugu yangu," mpishi akasema taratibu. "Na tambi huliwa hivyo hivyo, baridi."

"Usinifundishe! Kazikaange na kitunguu na nyanya."

Alinitazama, akachukua sahani, akaenda kukaanga. Mjomba alikula akazimaliza, akaomba aongezewe.

"Zimeisha, mzee," mpishi akasema. "Hazitakuwapo tena."

Nilitoka nimefura, nikimweleza mjomba njia nzima hadi Kaloleni kwamba watu wa hoteli siku hizi hawana adabu.