Upepo Niliomjazia Baba Mdogo

Harufu ya petroli iliyomwagika kwenye nyasi mbichi ikinifikia hata leo, nasimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa jina lake. Msinicheke. Wengine hukumbuka nyumbani kwa harufu ya ndizi zinazochemka. Mimi naikumbuka Marani kwetu kwa petroli, na kwa baba mdogo Ondieki, ndugu ya baba yangu, aliyekuwa na pikipiki isiyoweza kubeba hata gunia la majani chai.

Alikuwa ameivua kila kitu. Aling'oa keria, taa, madigadi na kile kiti kirefu cha abiria, kisha akafunga sproketi kubwa, lile gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo, nyuma ili iende polepole lakini kwa nguvu. Jioni aliipandisha juu ya magogo ya mikaratusi na mawe ya mtoni, amesimama juu ya vikanyagio, magoti yamelegea, bila haraka yoyote. Waendesha bodaboda wenzake walikuwa sokoni Keumbu wakitafuta abiria. Yeye alitafuta mawe.

"Huu mchezo ni mguu tu," alitueleza. "Ukigusa chini, umeshindwa."

Mdomo uliponza kichwa. Nyanya yetu, tuliyemwita Magokoro, aliyasikia maneno hayo. Alikuwa Msabato asiyejua utani. Ulichosema, alikufunga nacho. Tena alikuwa amemwona mwanawe akianguka mara mbili na kuvunjika mkono. Basi akaamuru: Jumapili, Ondieki apande lile jiwe lenye ngazi tatu nyuma ya chemchemi, mbele ya watu wote wa boma. Mguu ukigusa chini, pikipiki iondoke na asiipande tena maadamu yeye Magokoro yu hai. Baba mdogo akakubali, na kwetu neno lililotamkwa mbele ya Magokoro halikurudi.

Nilikuwa msichana wa miaka tisa na nilimpenda baba mdogo kupita kiasi. Jumapili hiyo asubuhi, alipokuwa akioga, nilibonyeza matairi ya pikipiki nikayakuta laini kama ndizi mbivu. Nilishtuka. Nilidhani upepo umeisha na yeye hana habari. Nikachukua pampu ya baiskeli ya babu, nikapiga mpaka jasho likaniingia machoni na matairi yakagoma kubonyea kabisa.

Kule kwenye jiwe Magokoro aliomba kwanza, ombi refu lililogusa mpaka mataifa ya mbali. Aliposema amina, baba mdogo alibonyeza tairi la mbele kwa kidole gumba, kama ilivyokuwa desturi yake. Akalibonyeza tena. Akabonyeza la nyuma.

"Nani ameguza hii?"

"Ni mimi!" nilipaza sauti. "Zilikuwa zimeisha upepo, nikakujazia. Sasa utashinda!"

Watu walipiga makofi. Magokoro alinipapasa kichwa. "Buya mono," alinisifu, kisha akamgeukia mwanawe. "Mtoto amekutengenezea. Panda sasa."

Baba mdogo aliuangalia uso wangu uliokuwa bado na jasho, kisha akatabasamu. "Asante, mama," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita siku zote. "Basi siwezi shindwa."

Ngazi ya kwanza aliipanda vizuri. Kwenye ya pili, gurudumu la nyuma liliteleza kwa kelele juu ya ukoga, pikipiki ikalala upande wa bonde na mguu wake wa kushoto ukatoka. Ulining'inia hewani, pungufu ya shubiri moja juu ya jiwe. Magokoro alijiziba mdomo kwa leso. Sijui ni muda gani ulipita. Baba mdogo alisimama pale kwa mguu mmoja, injini ikinguruma chini chini, mwili wote umetulia isipokuwa nyonga zilizosogea kidogo, kidogo tena, mpaka pikipiki ikainuka. Mguu ukarudi mahali pake. Akapanda ngazi ya tatu na kusimama juu kabisa, anga yote nyuma yake, na mimi nikaogopa kama mtu aliyeona muujiza. Magokoro aliketi kwenye nyasi akalia. Pikipiki ilibaki.

Nilijisifu miaka mingi. Shuleni nilisimulia kwamba ni upepo wangu uliompandisha, na baba mdogo alinitambulisha kwa wageni kuwa fundi wake. Hakunisahihisha hata siku moja.

Nilipokuwa mtu mzima nilinunua pikipiki yangu, nikaenda kujifunza mchezo uleule. Mwalimu, kabla hata ya salamu kuisha, aliinama akatoa upepo kwenye matairi yangu mpaka yakawa laini. Nilipomuuliza sababu, alisema tairi laini hulishika jiwe, gumu huteleza. Nilikaa chini palepale. Nilikuwa karibu kumnyang'anya baba mdogo kitu alichokipenda kuliko vyote, naye alijua kabla hajapanda.

Nilimpigia simu. "Baba mdogo, mbona hukutoa ule upepo?"

Alicheka, akakohoa, akacheka tena.

"Ningeutoaje, mama, na wewe bado ulikuwa unatoka jasho?"