Mzee wa Ndani ya Kompyuta

Juzi, ofisini Mtumba, nilimwona kijana akicheza sataranji na simu yake, nikaikumbuka ofisi ya baba. Ilinuka vumbi na karatasi za zamani, na kompyuta ilivuma kama nyuki. Nikiwa mtoto, nilidhani ndani yake kuna mzee, maana baba alicheza naye sataranji mchana kutwa na kila mara akashindwa. Kisha siku moja aliizima, akachukua koti na kikombe chake, tukarudi Makole kwa miguu. Sikujua kwamba alikuwa amepunguzwa kazini.

“Kesho utamfunga,” nilimwambia.

“Kesho siendi. Kazi imekwisha.”

Nikaamini yule mzee amemfukuza kwa kukosa adabu. “Baba, hukumwamkia.”

Baba alisimama njiani.

“Niliwaamkia wote, mwanangu,” akasema. “Kila asubuhi.”