Mama Chumvi na mzinga uliogoma kuzunguka

Saa mbili asubuhi, chumba cha nyuma cha makumbusho kinanuka kutu na dawa. Mwanamke mwenye glavu za mpira anainamia pipa refu la plastiki, anachota maji kwa kikombe, anapima chumvi, kisha anaandika ukutani kwa chaki.

"Imepungua," anasema. "Ila bado."

Wenzake wanamwita Mama Chumvi. Ndani ya pipa umelala mzinga wa kivita, wa chuma, usiofika hata mita moja. Zamani mizinga midogo kama huu ilifungwa kwenye kingo za merikebu, juu ya uma wa chuma, ili mtu mmoja aweze kuigeuza upande wowote. Huu wazamiaji waliuopoa baharini ukiwa umeganda kwenye uma wake, haugeuki ng'o.

Mama Chumvi aliingia hapa akiwa mfagizi. Mwaka wake wa tatu, mzinga mwingine ulitolewa harakaharaka kwenye maji ya kuondolea chumvi ili uwahi maonyesho. Ulipokauka, chumvi ya bahari iliyobaki ndani iliupasua vipande vipande.

"Nani aliuzoa? Mimi, na ufagio wangu," anasema. "Siku hiyohiyo nikamwendea fundi mkuu, nikamwambia, baba, nifundishe."

Alimfundisha miaka minne, akastaafu.

Mwaka jana mkurugenzi alitaka mzinga huu nao utolewe, wageni wa maonyesho mapya wanakuja. Mama Chumvi alikataa katakata.

"Nilimwambia, bosi, ukitaka kunifukuza nifukuze, lakini hautoki. Nimelishika pipa kwa mikono miwili."

Maonyesho yalifunguliwa bila mzinga. Yeye akapewa barua ya onyo.

Nyumbani, mumewe, fundi cherehani, humtania kila jioni: "Mume mwenzangu wa kwenye pipa hajambo?"

Jumanne iliyopita, baada ya miezi ishirini na sita ya kubadilisha maji na kukwangua kutu kidogo kidogo, alishika mkia wa mzinga akasukuma. Ukasogea upana wa kidole. Akasukuma tena, ukazunguka.

"Nikakaa chini sakafuni, nikalia."

Mkurugenzi alipoitwa, aliugeuza mwenyewe, kushoto, kulia, kushoto tena.

"Barua ya onyo bado iko kwenye faili," anacheka. "Sijaiulizia."

Imebaki miezi mitatu ya kuloweka, kisha mzinga utapakwa nta na kusimamishwa juu ya nguzo, kimo cha kifua. Mama Chumvi ameshapanga utakavyokaa.

"Ulitengenezwa ili mtu augeuze. Kila atakayeingia aushike, augeuze. Mkurugenzi nimeshamwambia, kibao cha 'usiguse' asihangaike kukiandika."