Shosho Hakuwa Akinung'unika

Jumapili iliyopita, hapa kwangu Free Area, Nakuru, binti yangu aliniuliza bila kuinua macho kwenye simu, "Mum, murmur si ni kunung'unika?" Nikacheka peke yangu, unga wa chapati mikononi. Anayenifahamu anajua sicheki ovyo.

Nililelewa Molo, kwenye baridi ya kukausha vidole, na kabla ya shule kazi yangu ilikuwa kumshikia shosho, nyanya yangu, ndoo akikamua. Ng'ombe wetu alikuwa na kiburi; ukimkamua kimya, hatoi maziwa. Basi shosho aliegemeza paji la uso ubavuni mwake na kuanza ile sauti yake ya chini, mfululizo, midomo ikicheza kidogo tu, mpaka maziwa yanaanza kulia chwaa, chwaa ndoo ikijaa povu.

Nikiwa darasa la saba, ilibaki nafasi moja kwenye timu ya Kiingereza ya kwenda mashindano Nakuru mjini. Niliitaka kuliko kitu chochote. Sikuwa nimewahi kupita Njoro. Mwalimu aliandika "murmur" ubaoni, akasema ni kunung'unika, kama wana wa Israeli jangwani. Mwenye sentensi bora ndiye angeenda. Wenzangu wote waliandika wakinung'unikia githeri ya chakula cha mchana shuleni. Mimi neno lenyewe lilinikumbusha sauti ya shosho zizini, nikasoma: "My grandmother murmurs to the cow."

Darasa zima likaangua kicheko.

"Sasa shosho yako analalamikia ng'ombe?" mwalimu akauliza, kalamu nyekundu tayari mkononi.

"Hapana, mwalimu. Anaiongelesha polepole. Hivi." Nikafumba macho, nikaitoa ile sauti mbele ya watoto hamsini. Sikukaa mpaka nilipomaliza.

Mwalimu akatuma kamusi kubwa iletwe kutoka ofisini. Alisoma kwa muda, kisha akavua miwani.

"Sauti ya chini isiyokatika. Ya maji, ya watu, ya mtu akiongea polepole. Kunung'unika ni maana moja tu. Leo nimekosea mimi. Nakuru utaenda wewe."

Nilivyoringa! Nilikimbia mpaka nyumbani nikipiga kelele katikati ya mashamba ya viazi. Shosho aliposikia alipiga makofi: "Kumbe hii ng'ombe yangu inajua Kizungu!" Na kutoka Nakuru tulirudi na kikombe, usidhani tulienda kutembea tu.

Shosho alishatutoka, na palipokuwa zizi sasa pana nyumba za kupangisha. Bado najivunia ushindi ule, sioni haya kusema. Nilijua jina la ile sauti kuliko mwalimu wangu. Lakini maneno yenyewe, yale aliyomwambia ng'ombe kila asubuhi, sikuwahi kumwuliza.