Kiwanja cha Shangazi Nilichokipaka Kijani

Ndugu wasomaji, nawasalimu kwa heshima. Nimemwomba msimamizi wa ukurasa huu alifiche jina langu. Aibu yenyewe sina pa kuificha. Nina miaka thelathini na tisa, mume na baba wa watoto wawili, mkazi wa Niboye hapa Kigali. Nilikulia Tanzania, nikasomea upimaji, na sasa nafanya kazi katika kampuni binafsi inayochora ramani ya matumizi ya ardhi: ile ambayo mwananchi yeyote huifungua kwenye simu, akaandika namba ya kiwanja chake, akaona kama anaruhusiwa kujenga. Njano ni makazi. Kijani ni ardhi oevu, na kwenye kijani haruhusiwi mtu kuweka hata tofali moja.

Nilipokuja Kigali kijana nisiye na pa kulala, alinipokea mama mmoja wa Kimisagara, rafiki wa marehemu mama yangu. Namwita Shangazi, ingawa hatuna damu moja. Nilikaa kwake miaka miwili. Maji ya mvua yaliyoshuka kutoka mapaa ya karakana za jirani alikuwa ameyachimbia mfereji nyuma ya nyumba, akapanda magimbi, ambayo huku tunayaita amateke. Magimbi yale ndiyo yaliyonilisha mpaka nilipopata mshahara wangu wa kwanza.

Msimu wa mvua uliopita tulipewa kazi ya kuhuisha ramani ya bonde la Kimisagara. Utaratibu wetu ni huu: kwanza unasoma picha zilizopigwa kutoka angani; penye shaka unakwenda kwa miguu, unaikanyaga ardhi, kisha unajaza fomu na kutia sahihi kwamba umefika. Nilikuwa na viwanja kumi na viwili vyenye shaka. Mvua haikukatika, ngazi za Kimisagara zilikuwa zinateleza, na mkubwa wangu alikuwa akiidai kazi. Nikaketi katika hoteli moja ya Kiyovu, nikaagiza chai, na kabla haijapoa nilikuwa nimezitia sahihi fomu zote kumi na mbili. Katika picha mojawapo, nyuma ya paa la bati, palikuwa na ukanda wa majani mabichi yaliyokoza. Mimea ya kinamasi hiyo, nikajisemea, nikapaka kijani. Paa nililolala chini yake miaka miwili sikulitambua nilipolitazama kutoka juu.

Rasimu ilipotolewa ili wananchi waitolee maoni, binti ya Shangazi alikuwa amerudi nyumbani na watoto wawili, ndoa yake imevunjika. Shangazi akaomba kibali cha kuongeza vyumba viwili. Ombi likasimamishwa: kiwanja chako, mama, kiko katika ardhi oevu. Akaandika pingamizi. Mimi sikuwa na habari.

Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, baada ya watu kumaliza kuzibua mitaro, mkuu wa mudugudu, yaani mtaa, wa akina Shangazi alinialika niwaeleze wakazi wa pale juu ya ramani mpya. Nami kusema mbele ya watu najua. Nilisimama, nikaeleza, wakapiga makofi. Ndipo Shangazi akanyanyuka, jembe lingali mkononi.

"Mwanangu, pale nyuma iko amateke yangu. Unayajua, umeyakula. Sasa kinamasi imetoka wapi?"

Fundi seremala mmoja akadakia, "Mama, wewe anza tu kufuga samaki! Sisi tutakuwa wateja!"

Watu wakacheka. Mimi palepale nilielewa ule ukanda wa kijani ulikuwa nini. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Nimekosea." Badala yake, kwa sauti ileile tulivu mnayoisoma hapa, nilisema, "Shangazi, ramani hii haikuchorwa mezani. Kila kiwanja chenye shaka kilikaguliwa kwa miguu."

"Nani alifika kwangu?"

"Mimi mwenyewe."

Akalitua jembe. "Yewe! Ulifika mpaka nyuma ya nyumba yangu, na hodi hukubisha?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Yeye hakucheka. Akamgeukia mkuu wa mudugudu, akasema, "Kama huyu amesema alipima, mimi siko na shule, nibishane naye nini? Karatasi yangu ile nairudisha." Na kweli, Jumatatu akaliondoa pingamizi lake.

Muda wa maoni unakwisha mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo ramani inapitishwa, na kijani kile kitabaki. Bado nina uwezo wa kuufuta ukanda ule peke yangu, kimyakimya. Mke wangu ananisihi, "Rekebisha cha Shangazi, kisha unyamaze. Una watoto." Lakini viko viwanja vingine kumi na kimoja ambavyo wenyewe siwajui, na sijui ni nani kati yao anayelima nini nyuma ya nyumba yake. Nikikiri, fomu zangu zote zitachunguzwa, hata za miaka iliyopita, na kazi sitakuwa nayo. Nikikirekebisha chake tu na kunyamaza, nitakuwa nimemwokoa aliyenilisha, na kuwaacha wengine kwa kuwa tu sikuwahi kula kwao.

Jana binti yake alipita Niboye, akaniachia kikapu. "Mama anakusalimu. Anasema hana chuki, na siku ukipita tena kazini, ubishe hodi, chakula kipo." Ndani ni magimbi, udongo ungali umeyashika. Sijaweza kuyamenya.

Ndugu zangu, sijaja kuombewa huruma. Nataka mniambie kweli, hata kama ni kali: nikienda kubisha hodi kwa Shangazi, nianze na neno gani? Na milango ile mingine kumi na mmoja, niifanyeje?