Somo Yake Baba

Harufu ya saruji mbichi hunirudisha Mtopanga, mwaka ule baba alipokuwa akijenga kanisa letu, nami nikimchukia Mmarekani aliyekufa zamani. Baba yangu, Yakobo, alikuwa fundi mwashi. Padri aliyehamishwa alimwachia kitabu cha michoro cha msanifu wa makanisa, Mmarekani wa karne ya kumi na tisa, naye jina lake Yakobo. Basi kwisha habari! Kwetu pwani unayeshiriki naye jina ni somo yako, na somo ni zaidi ya rafiki. Kila jioni baba alifungua kitabu na kamusi, akatusimulia: somo yake alizaliwa na seremala, akajifunza kuchora peke yake, akaanza na mabanda ya farasi, mwishowe makanisa yake yakajaa miji kwa miji. Alijua hata maradhi yaliyomsumbua uzeeni. Mimi nililala na homa wiki nzima, akaniuliza kwa nini siku hizi sichezi nje.

"Baba, na mimi somo yangu nani?"

"Nyanyako Kadzo. Ashakufa."

"Kwani wako hajafa?"

"Nipishe, mwanangu, wanizibia mwanga."

Nikamwonea wivu yule Mmarekani. Kanisa baba alilijenga kwa kufuata michoro ya kitabu kile, nami nilijua haitazami yote kwa pamoja. Hafungui ukurasa wa paa kabla kuta hazijasimama, akidai kurukia mbele ni kumvunjia somo heshima. Asubuhi moja mama akikaanga mahamri, nilichana ukurasa wa mwisho, wenye mnara wa kengele, nikautia motoni chini ya karai. Nikala mahamri matatu.

Paa lilipokwisha, baba alifunua kitabu, akakuta baada ya paa hakuna mchoro wa mnara. Nilingoja kipigo. Machozi yakamlengalenga. "Maskini somo yangu! Alikufa kabla hajaumaliza." Waumini walimsihi abuni mnara wake mwenyewe, akakataa katakata.

Leo kanisa lina feni na vipaza sauti, lakini kengele bado inaning'inia kwenye mwarobaini uani. Wageni wakiuliza, huambiwa mchoraji alifariki kazini. Mimi huinamisha kichwa. Baba alikufa bila mimi kumwambia, na sasa nimechelewa, maana huko aliko wameshakutana. Yule Mmarekani ashamweleza kwamba mnara aliuchora. Ashanisema. Na baba, kama kawaida yake, anamsikiliza yeye.